Kwenda Lamu na gari la kulala: pa kuliacha, pa kutembea, na saa za maji

"Naweza kuvuka na gari mpaka Lamu?" Huwezi. Hakuna daraja, hakuna feri ya magari, na hata kama lingeota mapezi, viko vichochoro mjini ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani. Gari linaishia Mokowe, bara.

Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nilipong'oa viti vya HiAce iliyochoka kubeba abiria, nikatia kitanda, jiko la gesi na mapazia ya leso. Yanayofuata ni haya: gari nimwachie nani? Nilale wapi? Siku mbili zinatosha? Kuna nini zaidi ya punda? Nimejibu mmoja mmoja kwa simu mpaka sauti imekauka, kwa hiyo haya hapa yote, kuanzia Malindi ninakokaa mpaka kwenye mikoko ya Manda, kisiwa jirani cha Lamu. Ni usiku mmoja ndani ya gari na siku mbili au tatu kisiwani. Siku mbili zinatosha kuona. Hazitoshi kukaa barazani na kunywa kahawa chungu bila kutazama saa, na hilo nalo ni sehemu ya safari.

Kabla ya kuondoka

Magodoro na sufuria utajua mwenyewe. Vitu watu wanavyosahau ni hivi:

- Kitambulisho halisi cha kila mtu mzima aliyemo garini, si picha kwenye simu. Utakionyesha mara nyingi barabarani.
- Vyandarua vilivyokatwa kwa kipimo cha madirisha, na sumaku ndogo za kuvibana. Bila hivyo utachagua kati ya joto na mbu, na chaguo lolote ni baya.
- Stepni yenye upepo, jeki, na kipande cha ubao wa kuweka chini ya jeki. Jeki peke yake mchangani huzama kama kijiko ndani ya uji.
- Maji lita 40 hivi, na mtungi wa gesi wenye valvu inayofunga sawasawa.
- Spana ya kufungua betri. Utaona kwa nini.
- Begi dogo la mgongoni kwa kila mtu. Unahama kutoka gari kwenda boti. Masanduku ya magurudumu ni mateso kwenye ngazi za gati.
- Ndara za kuingia majini, kanga au kikoi, na nguo za heshima kwa wote. Lamu ni mji wa watu wanaoishi, wanaosali, wanaozika.
- Pesa taslimu za noti ndogo. Simu hulipa karibu kila mahali, lakini mtandao ukikwama gatini hakuna wa kukukopesha nauli.

Hatua ya 1: Angalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda

Wengi hupanga safari hii kwa likizo ya watoto. Ipange kwa maji, kisha uone kama likizo inakubali.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza unaandama, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kilele chake upande wa Lamu ni mnamo saa kumi na nusu, alfajiri na jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kwa safari hii unataka maji yaliyojaa asubuhi, ili uingie mkondo wa Takwa, magofu yaliyoko Manda, kukiwa na kina na utoke kabla hayajakimbia. Hesabu siku nne au tano baada ya mwezi mpevu: maji yatajaa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Hesabu hii ni ya vidole. Jedwali la maji utalipata kwenye simu, na nahodha ndiye mwenye neno la mwisho.

Kosa la kawaida ni kufika siku ya bamvua na kutaka kwenda Takwa saa nne asubuhi. Saa hiyo mkondo ni tope na kaa.

Hatua ya 2: Lala Malindi, usilazimishe

Wanaotoka Mombasa huvuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 (waliosafiri kabla ya hapo watakusimulia foleni za feri), wanafika Malindi saa saba, wanakula, halafu mmoja anasema, "Si tusonge tu?" Msisonge. Barabara ya Lamu si ya kuingiliwa na giza.

Tafuta pa kulala mapema, ndani ya ua wenye askari wa zamu: nyumba ya wageni yenye uwanja, au kambi. Muulize mwenyewe waziwazi kwamba mtalala ndani ya gari, na mkubaliane bei ya choo na bafu kabla ya kuzima injini. Egesha dirisha la ubavuni likielekea baharini. Upepo wa usiku ndio feni yako. Usilale ufukweni. Mchanga ulio mkavu saa kumi na mbili jioni unaweza kuwa chini ya maji saa kumi usiku, na wezi nao wana macho.

Ukifika mapema, nguzo ya Vasco da Gama iko palepale. Mreno huyo alitia nanga hapa Aprili 1498, na mabasi ya watalii yatakuonyesha njia. Mimi ningekwambia uende Ngomeni.

Toka Malindi kuelekea kaskazini, vuka daraja la Sabaki. Mto huohuo juu huko unaitwa Athi, katikati Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki; wakati wa mvua ndio unaoigeuza bahari ya Malindi kuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukifika Gongoni, pinda kulia. Ngomeni ni kijiji cha wavuvi, na ukisimama ufukweni utaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yake kama meza zilizosahauliwa na wenyewe. Hapo ndipo Waitalia walipokuwa wakirusha roketi tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, iliruka setilaiti ya Wamarekani ambayo kwa sababu ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama miali ya eksirei kutoka angani. Walichagua hapa kwa kuwa tuko karibu na ikweta, na ikweta ndipo dunia inapozunguka kwa kasi kubwa zaidi, hivyo roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure.

Tazama kutoka ufukweni. Kituo chenyewe kina lango na walinzi, usiingie bila ruhusa. Njia ya mwisho ni mchanga, kwa hiyo acha gari penye udongo mgumu utembee.

Hatua ya 3: Barabara ya Mokowe

Jaza tangi Malindi. Ondoka alfajiri kunapopambazuka, si saa nne baada ya mahamri ya pili. Ni kilomita 220 hivi, nyingi za lami, na bila vizuizi ungeenda kwa saa nne. Vizuizi vipo. Punguza mwendo mapema, teremsha kioo, zima muziki, salimia. Polisi atauliza unakwenda wapi na nyuma kuna nini. Nyuma kuna kitanda, na hapo mazungumzo huwa marefu kidogo kwa sababu kila mmoja anataka kuchungulia. Waache wachungulie.

Kabla ya kuingia kipande cha Garsen kwenda Lamu, uliza kwenye kizuizi hali ikoje siku hiyo, na kama magari yanakwenda kwa msafara. Ukiambiwa subiri, subiri. Usipige kona ya porini kwa ajili ya picha, wala usisimame kupika chai kando ya njia. Chai ni Witu au Mokowe, penye watu.

Jambo jingine ni mvua. Tana ikifurika, barabara hii hukatika. Mwishoni mwa 2023 maji yaliifunika sehemu za Gamba, mabasi yakalala njiani na watu wakavushwa kwa maboti palepale penye lami. Msimu wa masika na wa vuli piga simu kwa ofisi ya basi lolote la Lamu uulize kama magari yao yamepita. Wao ndio wenye habari mpya kuliko redio.

Ukivuka Tana upande wa Idsowe, tupia jicho chini. Mto huu uliibwa na mfereji. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba njia ya maji, Belezoni, kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili vyombo vya mizigo vipite ndani bila kuzunguka baharini. Mfereji ulikuwa mwembamba, lakini mto ukauonja, ukaupanua, mwishowe ukaingia wote. Ndiyo maana leo Tana inamwagikia Kipini, na mdomo wake wa zamani umebaki mkiwa. Huwezi kuuona Belezoni ukiwa barabarani, ila ukijua habari yake hutapita daraja lile umelala.

Hatua ya 4: Kuliacha gari Mokowe

Karibu na gati kuna nyua za watu binafsi zinazolaza magari kwa malipo ya siku. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Kwanza tembea kwa miguu uone ua wenyewe: una ukuta au ni kamba tu, nani analala hapo usiku. Pili, patana bei ya siku zote na upewe risiti au ujumbe wa malipo wenye jina. Tatu, egesha kwenye kivuli cha ukuta, si chini ya mnazi. (Nazi moja, kioo kimoja. Sitaki kueleza zaidi.) Nne, toa chakula chote kinachooza, panya wa gatini hawana haya. Tano, funga valvu ya gesi. Sita, fungua waya wa betri upande wa hasi.

Hiyo ya sita wengi huipuuza. Taa moja ndogo ya ndani, au friji ya garini, inamaliza betri kwa siku mbili. Mara yangu ya kwanza nilirudi na samaki wawili wa kuganda, nikiwa na haraka ya kuondoka mapema, nikazungusha ufunguo: kimya. Tulipata mtu wa kutuwashia kwa waya saa sita mchana. Samaki tuliwala Mokowe.

Unaweza kulala ndani ya gari uani ukikubaliwa, lakini sikushauri. Ua umezingirwa, hauna upepo, na kisiwa kiko ng'ambo tu.

Utasikia sana habari za bandari mpya. Iko Kililana, upande wa Manda Bay. Gati lake la kwanza lilianza kazi tarehe 20 Mei 2021, na mpango mzima ni wa magati 32, ambayo matatu ya mwanzo ndiyo yaliyojengwa. Ni kazi kubwa kweli, ila si mahali pa kupita na kamera. Bila kibali usisogelee.

Hatua ya 5: Kuvuka

Gatini utazungukwa. Usikasirike, ni kazi yao. Kuna mtaboti wa abiria unaosubiri ujae, na kuna boti ya kasi inayoondoka upesi na kudai zaidi. Wa kwanza hauchukui zaidi ya nusu saa ukiwa njiani. Uliza nauli kwa abiria mwenzako, hasa mama mwenye kapu, kabla hujamuuliza nahodha. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wenyeji wanakutazama.

Maji yakiwa yamepwa ngazi za gati hufunuka zikiwa na ukoga. Mpe begi hamali kwanza, ushuke mikono mitupu.

Hatua ya 6: Mzunguko wa mji kwa miguu

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa kumi jioni. Mchana mji umelala na wewe lala.

Njia mbili ndizo mifupa ya mji: barabara ya ukingoni mwa bahari, na Usita wa Mui, njia ndefu ya ndani inayokwenda sambamba nayo. Vichochoro vingine vyote ni mbavu zinazoshuka toka juu kwenda pwani. Ukielewa hilo umeelewa Lamu. Kaskazini ni Mkomani, kwenye nyumba kuu za mawe. Kusini ni Langoni.

Anzia Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Ngome ilianza kujengwa mnamo 1813 na kukamilika 1821, wakati Lamu imejiegemeza kwa Sultani wa Oman. Siku hizo bahari ilikuwa karibu zaidi na ukuta. Sehemu ya pwani unayotembea leo imejazwa baadaye. Waingereza waliigeuza jela tangu 1910, na iliendelea kuwa jela hadi 1984. Panda juu ya ukuta utazame paa za mji, ndipo uingie Mkomani kwa Usita wa Mui.

Sasa tembea polepole na utazame juu. Utaona sehemu chumba kimejengwa hewani, kimeunganisha nyumba mbili na kuufunika mtaa. Hicho ni wikio. Ndugu au jamaa waliokuwa na nyumba zinazotazamana waliongeza chumba bila kuongeza kiwanja, na wanawake wakapita nyumba hadi nyumba bila kushuka mtaani. Simama chini yake uangalie dari: boriti za mikoko zimepangwa moja moja, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa. Boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita tatu, ndiyo sababu vyumba vya nyumba kongwe ni vyembamba na virefu kama treni. Fundi hakuchagua upana wa chumba, mkoko ulimchagulia.

Weka kiganja ukutani upande wa kivuli. Saa saba mchana ukuta ule una ubaridi wa mtungi. Ni matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo.

Ingia nyumba ya makumbusho ya Kiswahili iliyoko Mkomani, ndogo tu, uone zidaka za ukutani na birika la maji chooni. Chungulia ndani ya birika: katika nyumba nyingi za zamani walifugwa humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Dawa haina harufu wala gharama. Nimewahi kufikiria kuweka kwenye jerikeni za gari, mke wangu akakataa.

Kisha tazama chini. Kandokando ya vichochoro kuna mifereji midogo inayoteremsha maji ya majumbani kuelekea baharini. Mji mzima umelala kwenye mteremko, na mifereji hiyo ndiyo inayokwambia mteremko uko wapi. Kumbuka hili, litakufaa ukipotea. Usiruke mfereji ukiwa na ndara zilizolowa.

Mambo ya adabu, kwa ufupi: salimia mzee aliyeketi barazani kabla hujapita mbele yake. Usipige picha wanawake wala watoto bila idhini. Usichungulie milango iliyo wazi. Ukisikia "njia! njia!" nyuma yako usigeuke kutazama ni nini, jibane ukutani kwanza, punda aliyebeba mawe hana breki. Ijumaa mchana maliza matembezi kabla ya sala.

Hatua ya 7: Kuingia Takwa kwa mkondo

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiharibu.

Takwa ni magofu ya mji ulioko Manda, uliokaliwa kati ya karne ya 15 na 17. Unafikiwa kwa mkondo mwembamba uliozungukwa na mikoko pande zote, maji yakijaa tu. Wahi kumpata nahodha jana yake jioni, umuulize: "Maji ya kesho yanaturuhusu kuingia saa ngapi, na tutoke saa ngapi?" Asiyejibu la pili, achana naye.

Ingieni maji yakiwa bado yanapanda, saa moja kabla ya kilele. Injini huzimwa sehemu za mwisho, nahodha akachukua upondo. Mikoko imesimama kwenye mizizi yake kama imekunja nguo isilowe. Chezea saa moja na nusu kule juu: msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, ukuta wa mji, na nje yake kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au karibu yake. Wakazi wa Takwa waliuhama mji, na simulizi za hapa zinasema walivuka wakaenda Shela.

Halafu ondokeni. Mimi niliwahi kusema, "Mjomba, dakika kumi tu." Shemeji yangu alikuwa akipiga picha ya mbuyu. Nahodha akatazama mizizi ya mikoko, akaona mstari mweusi wa unyevu umeanza kujitokeza juu ya maji, akasema kwa upole, "Yamekupwa." Tulikimbia. Tulifika nusu ya mkondo, mkuku, uti wa chini wa boti, ukagusa tope, tukasukuma, ukagusa tena, ukakaa. Saa tano kasoro asubuhi. Maji yaliondoka chini yetu kama mtu anavuta shuka. Tukabaki wanne ndani ya boti iliyoinama, na sambusa sita, tukitazama kaa wenye mkono mmoja mkubwa wakitupungia kutoka kwenye tope. Nahodha alijifunika kofia usoni akalala. Tulitoka saa kumi kasorobo. Hakunilaumu hata neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Hatua ya 8: Shela, na maji ya kunywa yatokako

Tembea kutoka mjini kwa njia ya ukingoni, kilomita tatu hivi, maji yakiwa yamepwa. Yakijaa, rudi kwa boti. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara mnene uliochongoka, ni wa 1829.

Panda vilima vya mchanga nyuma ya kijiji, lakini kwa njia zilizokwisha kukanyagwa. Vilima vile ni tangi. Mvua huzama mchangani, ikachujwa, ikakaa chini kama kifuniko cha maji matamu juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa matamu ni mepesi. Visima vya hapo ndivyo vinavyonywesha kisiwa. Ukivuta kupita kiasi chumvi hupanda, na ukijenga juu ya vilima mvua haiingii. Nyumba yoyote utakayolala, oga kwa kata.

Ufuo wa Shela ndipo watu wa Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, waliposhuka kuishambulia Lamu mwanzoni mwa karne ya 19. Walipigwa, wakakimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekaa mchangani. Maji yalikuwa yamepwa. Niliposimuliwa hayo baada ya siku ya Takwa, shemeji aliniangalia tu.

Hatua ya 9: Matondoni, kama una siku ya tatu

Kijiji cha mafundi wa majahazi, upande wa pili wa kisiwa. Nenda kwa boti maji yakijaa, au kwa miguu saa mbili hivi, asubuhi mapema na maji ya kunywa. Chombo kinajengwa bila mchoro: mkuku unalazwa, mbao zinapanda, mataruma, yaani mbavu za chombo, yanachongwa kwa tezo kufuata mpindo wa mti wenyewe. Matundu ya misumari hutobolewa kwa keekee, ile ya uzi na upinde. Msikilize fundi akikalafati, akipigilia pamba iliyochovywa mafuta kwenye viungo vya mbao. Mlio hubadilika pamba inaposhiba: unaanza mzito, unaishia mkavu. Nunua chai, keti, usiulize bei ya jahazi kama hununui.

Mambo yakikwendea kombo

*Umepotea vichochoroni.* Tafuta mfereji, fuata maji yanakoelekea. Utatokea pwani. Ukiona maji yamesimama, muulize mtoto. Mtu mzima atakusindikiza mpaka mlangoni na utakunywa chai njiani.

*Boti imekwama mkondoni.* Usishuke kusukuma bila nahodha kusema. Tope la mikoko humeza mguu hadi pajani na maganda ya chaza hukata. Kaeni kivulini, gawaneni maji ya kunywa. Kilele kinachofuata kiko saa kama 12 baada ya kile mlichokikosa, lakini boti ndogo huelea kabla ya hapo.

*Gari limezama mchangani, Ngomeni au kwingineko.* Acha kukanyaga mafuta. Punguza upepo wa magurudumu yote, fukua mbele ya tairi, tia ubao au makuti, toka polepole kwa gia ya pili. Jaza upepo tena kabla ya lami.

*Joto ndani ya gari halilaliki.* Lowesha kanga, ikamue, itundike dirishani upande upepo unakotoka.

*Umefika Mokowe jioni, boti za abiria zimekwisha.* Usikodi chombo gizani kwa mtu usiyemjua. Lala uani, vuka asubuhi.

*Umerudi, gari haliwaki.* Rudisha waya wa betri. Kama ulisahau kuufungua, mlinzi wa ua anamjua fundi mwenye waya za kuwashia. Kubaliana bei kwanza, na kama una samaki, mkaange wakati unasubiri.